Kususia, kuungana au kuingia serikalini: njia tatu za upinzani zikiwekwa pamoja mezani

Mwaka 2025 Tanzania na Kenya zilituonesha njia zote tatu kwa mpigo. CHADEMA, chama kikuu cha upinzani Tanzania, ilishikilia msimamo wa “bila mabadiliko hakuna uchaguzi”, haikusaini kanuni za maadili, na tarehe 12 Aprili Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza kuwa chama hicho hakitashiriki. Chama kingine cha upinzani, ACT-Wazalendo, chini ya sheria zilezile na tume ileile, ikaamua kuingia uwanjani. Ng'ambo ya mpaka, ODM, chama cha Raila Odinga, ilikuwa tayari na watu wake ndani ya Baraza la Mawaziri la Rais William Ruto, na tarehe 7 Machi ikatiliana saini makubaliano na UDA, chama cha Ruto. Wakati huohuo Kalonzo Musyoka, Rigathi Gachagua na wenzao walikuwa wakishona muungano wa kumkabili Ruto mwaka 2027.

Kwa hiyo ukiwakuta wapinzani wawili wanabishana barazani mpaka kahawa inapoa, mmoja akimwita mwenzake msaliti, ujue wote wawili wana historia ya kuegemea. Nimewaandikia watu hao: mjumbe wa mkutano mkuu atakayenyoosha mkono, katibu wa tawi atakayetumwa kwenda kuwaeleza watu, na mpiga kura anayejiuliza kama bado ana chama. Nimekaa uwakala kituoni mara mbili (chama changu nakiweka pembeni hapa), na ninachokikumbuka kuliko matokeo ni foleni. Kulikuwa na bibi aliyefika alfajiri na kiti chake cha plastiki, akasubiri mpaka jua likawa kali, akapiga kura yake, akabeba kiti akaenda zake. Chama cha upinzani hakina magari ya serikali wala ajira za kugawa. Kina bibi yule. Swali langu kwa kila njia ni namna inavyoutumia uaminifu wake.

Vigezo kwanza

Uaminifu wa mpiga kura si wa aina moja, na mikakati mingi huharibika hapa, kabla hata haijaanza. Wapo wanaokishika chama kwa historia: baba alipigwa kwa ajili yake, mtaa mzima ni wake, na kukihama ni kama kuhama ukoo. Wapo wanaomfuata mtu. Na wapo wanaosubiri matokeo, yaani barabara, bei ya karafuu, ada ya mtoto. Wa kundi hili wa tatu huitwa vigeugeu, jina ambalo naliona si la haki, kwa sababu kudai matokeo ndiyo kazi ya kura.

Zanzibar ilitufundisha kutenganisha makundi haya. Mwaka 1995 chama cha upinzani cha CUF kilichukua majimbo yote 21 ya Pemba, na kwa miaka zaidi ya ishirini ikaonekana chama na kisiwa ni kitu kimoja. Kisha tarehe 18 Machi 2019 Mahakama Kuu ikautambua uenyekiti wa Profesa Ibrahim Lipumba ndani ya CUF, uliokuwa ukigombaniwa, na siku hiyohiyo Maalim Seif Sharif Hamad, kinara wa CUF Zanzibar, akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo. Kauli ilikuwa “shusha tanga, pandisha tanga”. Matawi yakapakwa rangi mpya, bendera zikabadilishwa, na kumbe kile kilichokuwa kikiitwa ngome ya CUF kilikuwa ngome ya mtu na ya madai ya Wazanzibari. Kadi ilikuwa karatasi tu. Chama kinachopanga mkakati kwa kuhesabu kadi kinaweza kuwa kimehesabu kitu kingine kabisa.

Basi kila njia nitaiuliza maswali manne. Inamwomba nini mpiga kura? Inaleta nini? Inaacha pengo gani, na nani atalijaza? Na mlango wa kutokea uko wapi mambo yakigoma? Baada ya hapo nitasema inamfaa nani. Ipo pia njia ya nne, ya kushindana peke yako kwa jina lako na wagombea wako. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya chama chochote, na mjadala huanza pale inapoonekana haitoshi.

Njia ya kwanza: kususia

*Inamwomba nini mpiga kura.* Inamwomba kitu kigumu kuliko kupanga foleni: akae nyumbani huku anajua matokeo. Wahenga walishasema, ukisusa wenzio wala. Anayesusia analijua hilo, na anaamini kwamba chakula chenyewe kimetiwa sumu.

Mfano mzito ni Zanzibar. Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Oktoba 2015. Siku tatu baadaye mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC), Jecha Salim Jecha, akaufuta. Uchaguzi wa marudio ukapangwa tarehe 20 Machi 2016, na CUF ikakataa kurudi, kwa hoja kwamba uchaguzi ulikwisha na kilichobaki ni kutangaza mshindi. Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM, chama tawala, akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Baraza la Wawakilishi likaendelea bila mwakilishi hata mmoja wa CUF, na kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais kikakaa wazi mpaka 2020.

Kuna gharama moja ambayo haiandikwi kwenye maazimio ya vikao. Kususia hakukai kwenye sanduku la kura peke yake. Pemba mgomo uliingia madukani na mazikoni. Watu waliozaliwa kitongoji kimoja wakaacha kununua kwa jirani na kuacha kubeba jeneza la jirani. Kiongozi anayetangaza kususia lazima ajue kwamba anaowaomba wasusie wataishi na uamuzi huo katika mambo ambayo yeye hatayaona.

*Inaleta nini.* Inamvua mshindi heshima ya ushindi, na wakati mwingine inamlazimisha kukaa mezani. Inachukua muda gani ndiyo tofauti kubwa. Baada ya 1995, pale Salmin Amour wa CCM alipotangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif, CUF ilisusia vikao vya Baraza, na Muafaka wa kwanza, yaani makubaliano ya CCM na CUF, ukaja Juni 1999, karibu miaka minne baadaye. Baada ya 2000, chama kilikataa marudio katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi na kikasusia Baraza tena. Yakafuata mauaji ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, ambapo watu wasiopungua 30 walikufa na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka wa pili ulisainiwa Oktoba mwaka huo.

Kenya ilikwenda haraka zaidi. Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa Agosti 2017, Raila Odinga akajitoa kwenye marudio ya tarehe 26 Oktoba, na Uhuru Kenyatta akapata zaidi ya asilimia 98 ya kura katika uchaguzi ambao chini ya asilimia 40 ya waliojiandikisha walijitokeza. Ilipofika tarehe 9 Machi 2018, wawili hao walikuwa wakipeana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Kwa nini miezi mitano huku na miaka kule? Kwa maoni yangu, upande uliosusiwa Kenya ulikuwa na cha kupoteza: rais aliyekuwa kipindi chake cha mwisho, uchumi uliokuwa ukiumia, na mahakama iliyokuwa imekwisha sema uchaguzi wa kwanza haukuwa halali. Kususia mbele ya mtawala asiyejali kutazamwa kuna mwendo mwingine.

Kuhusu Tanzania 2025 naandika kwa uzito. Tundu Lissu alikuwa mahabusu tangu Aprili kwa kesi ya uhaini. Tarehe 29 Oktoba maandamano yalizuka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingineko, watu wakauawa, intaneti ikazimwa, na Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97. CHADEMA wenyewe walikataa kuuita msimamo wao kususia. Walisema wanauzuia uchaguzi usio huru. Hesabu ya kisiasa ya uamuzi ule bado haijafungwa, na sitaifunga mimi wakati kuna familia zinazolia.

*Pengo na wa kulijaza.* Hapa ndipo wanaosusia hushtukizwa. Mwaka 2016 Hamad Rashid Mohamed wa ADC aligombea urais wa Zanzibar akapata asilimia chache, na Dk. Shein akamteua waziri. Mwaka 2025 kundi la makada wa CHADEMA waliotaka kushiriki lilihamia CHAUMMA, na Salum Mwalimu akawa mgombea wake wa urais. Chini kabisa pengo linauma zaidi. Upinzani ulipojitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, CCM ilichukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayekuandikia barua ya utambulisho ukienda kumdhamini ndugu yako polisi au kuomba mkopo. Kwa miaka mitano mpinzani alibisha hodi kwenye mlango ambao chama chake kiliamua kutoushindania.

*Mlango wa kutokea.* Ni mwembamba. Burundi 2010, vyama vya upinzani vilijitoa baada ya uchaguzi wa komuni, Pierre Nkurunziza akabaki mgombea pekee wa urais, na njia ya kurudi bungeni kwa nguvu haikupatikana tena. Zanzibar, CUF ilipoteza viti 17 vya Baraza kwa kususia vikao, na ikabidi ivitafute upya kwenye uchaguzi mdogo wa Mei 2003. Katika majimbo sita wagombea wake wakaenguliwa. Hapo watu wa Pemba walifanya jambo ambalo kila anayejadili kususia anapaswa kulijua: walikwenda vituoni, wakapanga foleni, na wakaziharibu kura zao kwa makusudi. Ziliitwa kura za maruhani. Kukaa nyumbani kunaweza kuitwa uvivu au kutojali, lakini sanduku lililojaa kura zilizoharibiwa linahesabika.

*Inamfaa nani.* Chama ambacho wapiga kura wake wanakishika kwa historia, kwa kuwa hao hawaondoki hata wakikaa miaka minne bila mwakilishi. Na chama chenye ushahidi mkononi, kama hukumu ya mahakama au fomu za matokeo zilizosainiwa, pamoja na hatua ya pili iliyokwisha kupangwa. Chama kichanga ambacho bado kinatafuta kujulikana kikisusia kimejifuta.

Njia ya pili: kuungana

*Inamwomba nini mpiga kura.* Amchague aliyemkataa jana. Na kwa kada wa kata, aliyechapisha fulana kwa pesa yake na kutembea nyumba kwa nyumba, inamwomba ampishe mgombea wa chama kingine kwa sababu “tumeachiana majimbo”. Uaminifu unaojaribiwa zaidi hapa ni wa huyu kada, kuliko wa mpiga kura.

*Inaleta nini.* Hesabu. Kenya 1992, upinzani uligawanyika kati ya Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga, na Daniel arap Moi akashinda kwa takriban asilimia 36. Waliomkataa walikuwa karibu wawili katika kila watatu, na bado akabaki Ikulu. Mwaka 1997 hadithi ikajirudia. Kisha tarehe 14 Oktoba 2002, Uhuru Park, Raila akatamka “Kibaki Tosha”. Muungano wao wa NARC ukashinda kwa asilimia 62 dhidi ya 31 za Uhuru Kenyatta, na KANU, chama tawala, ikaondoka madarakani baada ya karibu miaka 40. Kati ya njia tatu, hii ndiyo pekee katika mifano yangu iliyowahi kumtoa mtawala kwa kura.

Tanzania 2015, UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, haikushinda, lakini ilipanda juu kuliko upinzani ulivyowahi kufika Bara: mgombea wake Edward Lowassa alipata asilimia 39.97, na wabunge wa upinzani wakazidi 100. Bei yake ilikuwa kubwa. Lowassa alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu mwaka 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, na mwaka 2007 Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alilisoma jina lake kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga. Lowassa alikana siku zote kwamba alifanya kosa. Lakini mpiga kura aliyeipenda CHADEMA kwa sababu ya orodha ile aliombwa sasa amchague mtu aliyekuwemo ndani yake. Slaa akaondoka. Lipumba akaacha uenyekiti wa CUF, na mgogoro uliofuata aliporudi ndio uliokuja kukipasua chama kile vipande viwili. Lowassa mwenyewe akarudi CCM Machi 2019.

*Pengo.* Ni pengo la hoja. Vyama vinapokubaliana juu ya nani aondoke bila kukubaliana nini kifuate, mpiga kura wa matokeo hasikii chochote cha kwake. Muungano wa aina hiyo huujaza uwanja wa mkutano na kuiacha jikoni tupu.

*Mlango wa kutokea.* Miungano huvunjika. Cha kuangalia ni lini na kwa utaratibu gani. Makubaliano ya NARC, yaliyomwahidi Raila uwaziri mkuu na upande wake nusu ya nafasi, hayakutekelezwa. Kufikia kura ya maoni ya Novemba 2005 washirika walikuwa kambi mbili, ndizi ya kuikubali rasimu ya katiba na chungwa la kuikataa, na chungwa likashinda. Tangu sheria ya vyama vya siasa ya 2011, Kenya inataka makubaliano ya muungano yawasilishwe kwa Msajili. UKAWA ya 2015 ilikuwa ahadi ya viongozi kwa viongozi, na Lowassa aligombea kwa tiketi ya CHADEMA. Kwa hiyo kila chama kilitoka na viti vyake na lawama zake. Kwa maoni yangu makubaliano ambayo katibu wa tawi hawezi kuyasoma hayajamfunga mtu.

*Inamfaa nani.* Pale ambapo mtawala anashinda chini ya nusu ya kura, au ambapo ngome za wapinzani ziko mikoa tofauti na hazigombanii kata zilezile. Inawafaa pia wapiga kura wa matokeo, ambao huvutwa na uwezekano wa kushinda. Haimfai sana mtu ambaye chama chake kimejengwa juu ya usafi wa jina, isipokuwa mgombea wa pamoja anaweza kuubeba usafi huo bila kuutia doa.

Njia ya tatu: kuingia serikalini

*Inamwomba nini mpiga kura.* Amwone kiongozi wake kwenye kochi moja na yule aliyemlaumu jana, kisha anyamaze kidogo. Neno “kidogo” ndilo linalogombaniwa.

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu watu huchanganya mambo mawili kwa jina moja. Serikali ya Umoja wa Kitaifa (SUK) ya Zanzibar ni ya kikatiba. Ilianza kwa maridhiano ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Novemba 2009, ikapelekwa kwa wananchi kwenye kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Tangu hapo anayeshika nafasi ya pili kwa kura za kutosha ana haki ya umakamu wa kwanza wa rais, na chama chake kinapata mawaziri kwa uwiano. Hahitaji kupendwa na rais. Salamu ya Raila na Uhuru ya Machi 2018 Kenya ilikuwa kitu tofauti: watu wawili walikubaliana, na vinara wenzake Raila ndani ya muungano wa NASA walisema hawakujulishwa. Serikali jumuishi ya Julai 2024, iliyowaingiza John Mbadi, Hassan Joho, Opiyo Wandayi na Wycliffe Oparanya katika baraza la mawaziri baada ya maandamano ya vijana, nayo ilisimama juu ya uteuzi wa rais, na anayeteua anaweza kutengua. Mpiga kura aliyeulizwa huvumilia mengi. Ambaye hakuulizwa huanza kuhesabu siku.

*Inaleta nini.* Amani, kwanza, na amani si kitu kidogo kwa mtu aliyeuona Januari 2001. Uchaguzi wa Zanzibar wa 2010 ulikuwa wa karibu sana, Shein asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, tofauti ambayo miaka mingine ingeleta vilio. Safari hii watu walilala nyumbani kwao. Kenya, serikali ya nusu mkate, yaani ya kugawana madaraka, iliyozaliwa na makubaliano ya tarehe 28 Februari 2008 ilitoa katiba mpya ya Agosti 2010, na magatuzi (serikali za kaunti) yaliyoko leo yametoka humo. Hakuna kususia wala muungano katika orodha yangu uliozaa tunda kubwa kama hilo.

Madaraka yenyewe ni suala jingine. Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais Zanzibar ilikabidhiwa mazingira, UKIMWI, dawa za kulevya na masuala ya watu wenye ulemavu. Ni kazi za heshima na zinahitaji mtu. Lakini masheha, viongozi wa serikali katika shehia, ambao neno lao ni zito mtu anapotafuta kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na kuandikishwa kupiga kura, walibaki chini ya mkono mwingine. Mwanachama wa Micheweni, Pemba, aliyetarajia chama chake kikiingia serikalini atapata kitambulisho kwa urahisi alisubiri sana.

*Pengo na wa kulijaza.* Malalamiko hayaingii serikalini pamoja na chama. Yanabaki mtaani yakitafuta sauti. Zanzibar baada ya 2010, CUF ikiwa serikalini, sauti kali juu ya Muungano na mamlaka ya Zanzibar ilihamia kwenye mihadhara ya Uamsho, jumuiya ya Kiislamu, na mwaka 2012 mji ukaona vurugu na moshi. Kenya baada ya 2018, naibu rais aliyejikuta nje ya salamu ndiye aliyeuchukua uwanja wa upinzani. Ruto alizunguka nchi akiwasemea mahasla, watu wa hali ya chini, akiwa bado ofisini, na mwaka 2022 akashinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, ambaye safari hii alikuwa na baraka za rais aliyepo. Raila hakupoteza ngome yake ya asili. Alipoteza haki ya kuitwa mtu wa nje, na kwa wapiga kura wa matokeo hilo lilikuwa na uzito.

*Mlango wa kutokea.* Uko wazi kisheria, ila ukitoka unaulizwa ulikuwa ukifanya nini humo. Baada ya 2020, Maalim Seif alipotangazwa kuwa na asilimia 19.87, ACT-Wazalendo iliyapinga matokeo, na bado Desemba ikaingia SUK. Baadhi ya wafuasi walimeza kwa uchungu, kwa sababu ni yeye aliyesema. Akafariki tarehe 17 Februari 2021. Othman Masoud Othman akakirithi kiti, na mwaka 2025 akasimama kumpinga Rais Dk. Hussein Mwinyi, ambaye yeye Othman alikuwa makamu wake. Akatangazwa kuwa na takriban asilimia 23. Kwa vyovyote utakavyoyachukua matokeo hayo, ambayo chama chake kilizikataa takwimu zake, kampeni ya mtu anayeikosoa serikali aliyomo ni mzigo mzito kuubeba jukwaani.

*Inamfaa nani.* Jamii iliyogawanyika karibu nusu kwa nusu, ambapo kila uchaguzi unatishia damu. Chama kinachopata nafasi yake kwa katiba, na chenye jambo moja mahususi la kulidai ndani ya muda, kama tume mpya, sheria ya uchaguzi au katiba. Chama chenye wapiga kura wa kumfuata mtu kinaweza kuingia salama mtu huyo akiwa hai. Kenya imeingia kwenye swali hilo tangu Raila alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025, akikiacha chama chake ndani ya serikali ambayo yeye ndiye aliyewaambia watu waivumilie.

Ukichagua, tazama hali uliyonayo

Kama uchaguzi bado uko mbali kwa miaka miwili au zaidi na ngome zenu ziko sehemu tofauti, anza mazungumzo ya muungano sasa, tena kuanzia udiwani. Muungano unaoanzia juu wiki kumi kabla ya kura huwakuta makada wamekwisha kuchapisha fulana.

Kama mgombea wenu ameenguliwa au tume imewafungia mlango, hamna cha kususia, mmesusiwa. Mjadala wenu ni namna ya kuwaweka wanachama pamoja mpaka mlango ufunguke, na kama wapo ambao wana haki ya kushiriki ngazi ya chini. Kumzuia mgombea wa kijiji kwa sababu ya mgogoro wa juu ni uamuzi unaotaka sababu yake mwenyewe.

Kama mmeibiwa na mna fomu za vituo mikononi, kususia marudio kunaeleweka, ila wekeni tarehe ya kutathmini na muitangaze. Na muangalie kura za maruhani kama njia ya kati: watu wanatoka, wanahesabiwa, na kata haisahau jina lenu.

Kama damu inanukia, hasa katika jamii ndogo ambazo watu wanazikana wenyewe kwa wenyewe, kaeni mezani. Lakini ulizeni wanachama kwanza, kwa kura ya maoni ikiwezekana, au kwa mkutano mkuu wenye majadiliano ya kweli. Andikeni madai mawili au matatu, na mtu mmoja mwenye sauti abaki nje ya serikali akisema yale ambayo waziri hawezi kuyasema.

Kama kiongozi wenu ndiye chama, fanyeni haraka jambo lolote linalohitaji imani ya watu, na tumieni nguvu zake akiwepo kuwajenga wengine watatu wanne mbele ya watu haohao.

Na kama wewe huna cheo chochote, una kadi na kura tu, nenda tawini kabla ya kukasirika. Muulize katibu ni nani aliyeamua, lini, na nini kitafanywa kama hakikupatikana kilichoahidiwa. Akiwa na majibu matatu, unaweza kumpa muda. Akikwambia “viongozi wanajua”, muulize tarehe ya mkutano ujao wa tawi, na uende nao wengine.